Matanga ya Mama Yangu Aliye Hai

Mama mdogo alianza kulia akiwa bado juu ya pikipiki. Anakaa Nduguti, ni mdogo wake mama wa kufuatana, na siku hiyo alikuwa amepakata mfuko wa unga wa mtama, kitenge amejifunga kiunoni kama wafungavyo wanawake wakienda msibani. Nyuma yake ilikuja pikipiki ya pili na jirani zake, mmoja ameshika kuku kwa miguu. Wakashuka hapa kwetu Misigiri, wakaingia uani wakilia kile kilio ambacho mtu hakitoi ila kwa ndugu wa damu.

Mama alikuwa anapura alizeti. Alipoona kilio kimefuatana na unga, akaitupa fimbo, akajishika kichwa, naye akaanza kulia. Hakujua anamlilia nani. Kwetu mtu akija na unga huku analia, huanzi kwa kuuliza maswali. Unalia naye, habari utaikuta mbele. Basi wakalia wamekumbatiana, mpaka mama mdogo alipofumbua macho akamwona vizuri yule anayelia naye.

Alikaa chini palepale kwenye makapi ya alizeti. Mama akamtikisa bega, akamwuliza nani amekufa.

"Wewe," mama mdogo akasema.

Maelezo tuliyapata baada ya maji ya kunywa. Asubuhi hiyo alikuwa mashineni anasubiri kusagiwa, redio ya mwenye mashine inaongea, na ghafla akasikia sauti ya mtoto wa dada yake, mdogo wangu mimi, anahojiwa. Anasema mama yake amefariki. Anasema huku analia, na chini yake wamemwekea muziki wa kinanda wa kumliza hata askari. Mama mdogo hakungoja kusikia amefariki lini. Alipiga simu ya mama, haikupatikana kwa sababu ilikuwa dukani inachajiwa. Akachukua unga wake uleule uliotoka kusagwa, moto bado, akaja kuzika.

Mdogo wangu ni mtu maarufu. Simtaji, maana jina mnalomjua nalo si lake, na lake alishalitupa. Anaimba. Nyimbo zake mmezicheza harusini na pengine mmezililia msibani. Kipaji anacho, hilo simnyang'anyi. Alikitoa kwenye kwaya ya kina mama, alikokuwa anasimama mbele ya mama akiwa bado ananing'inia kwenye sketi yake. Mama ndiye aliyemfundisha kuvuta pumzi. Mama ndiye aliyemsindikiza mjini Singida kwenye mashindano ya kuimba, akamsukia nywele stendi, na aliposhinda, watu wa Dar es Salaam wakamchukua. Baba alikwishatangulia siku nyingi, hilo ni kweli. Lakini mama yupo, ana meno yake yote, na ana sauti inayofika barabarani bila spika.

Nilimpigia mdogo wangu simu kabla unga haujapoa. Akapokea meneja. Huyu bwana ana sauti ya mafuta ya nazi, kila sentensi "dada yangu", "dada yangu", mpaka unatamani kumwuliza mama yako na wangu walikutana wapi. Nikamwuliza nani amemuua mama yangu redioni. Hakushtuka hata kidogo. Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa watu wazima, kwamba sauti nzuri zimejaa nchi nzima, kwaya moja tu ina kumi. Msikilizaji hapendi sauti, anapenda alikotoka mwenye sauti. Na alikotoka mdogo wangu, akasema, hakuna kitu cha kushika: nyumba ya tofali, mama mkulima, ada imelipwa, watoto wameshiba. Nikamwambia baba si amekufa, hakumtosha? Akacheka kidogo. Yatima wa upande mmoja, dada yangu, wako wengi mno.

Jamani. Mtu anakaa ofisini kwenye kiyoyozi, anapima yatima wako kwa kibaba, anaona amepungua, anaongezea mama.

Jioni mdogo wangu mwenyewe akapiga. Akasema ni stori tu, kila msanii ana stori, na mtangazaji alikuwa anaijua kabla hawajaingia studio. Maswali aliandikiwa na meneja, hata pale pa kulia palipangwa. Akasema hakufikiria kama redio ile inafika Nduguti. Sasa hilo ndilo lililoniuma. Hakusema amekosea. Alisema hakujua tutasikia.

Mama alininyang'anya simu. Hakugomba. Mama akikasirika sauti yake haishuki wala haipandi, anaongea kama anayeagiza chumvi. "Mwanangu," akasema, "nenda kaseme palepale uliposema." Akarudia mara moja tu, kisha akanirudishia simu. Mdogo wangu akajibu sawa, mama. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Kuhusu ule unga, kwetu unga wa matanga haurudi ulikotoka. Ukishaingia kwenye nyumba ya msiba umeshaingia, ukiurudisha ni kama unamwita mwingine afe. Mama akasonga ugali, yule kuku akachinjwa, akaita majirani waje kula matanga yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama alijitengea firigisi, akasema marehemu ndiye mgeni rasmi. Mama mdogo naye akacheka, lakini kila baada ya muda alikuwa anaunyoosha mkono anamgusa dada yake goti.

Tulicheka siku hiyo. Siku zilizofuata hakukuwa na cha kuchekesha. Mama alinunua betri mpya za redio, akawa anaisikiliza kila asubuhi ile stesheni, anachambua mboga, anapepeta, masikio yako kule. Alikuwa anangoja afufuliwe. Hakutaka nguo, hakutaka kujengewa, wala hakuomba kupelekwa Dar kuona bahari. Alitaka sentensi moja itoke kinywani mwa mtoto wake, kwenye redio ileile: mama yangu yupo. Basi. Badala yake tukawa tunasikia stori inanenepa. Mara mama alikufa kwa kukosa matibabu. Mara mtoto alikuwa anaimba juu ya kaburi kila jioni. Magazeti yakaandika, mitandaoni wakaweka picha ya mshumaa, watu wasiotujua wakawa wanamlilia mama yangu huku mama yangu yuko shambani anapalilia.

Huko nje ikawa aibu isiyo na pa kuiweka. Mnadani mwuza sabuni alimpa mama pole ya kufiwa na dada yake, kwa sababu amefanana na yule marehemu alivyokuwa anaelezwa. Kwaya ilipoalikwa Kinampanda, mhubiri mgeni alisimama akamshukuru Mungu kwa kumwinua binti yatima wa Iramba, na akaomba sala fupi kwa ajili ya mama yake aliyelala. Mama alikuwa mstari wa pili wa kwaya, amevaa sare niliyomshonea mimi. Wenzake wakamtazama. Akafumba macho, akaitikia amina. Njiani nilimwuliza kwa nini hakusema kitu. Akasema, niseme nini, nikatae kuombewa?

Halafu ikaja simu kwamba mdogo wangu anakuja nyumbani, anakuja na watu wa televisheni. Mama aliangalia juu akashukuru. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi: mtoto ameona redio haitoshi, anakuja kumwonyesha mama yake kwa picha, watu wamwone kwa macho. Alipaka chokaa ukuta wa mbele. Alivaa kitenge ambacho tangu nimshonee alikuwa anakiwekea siku. Akachinja jogoo wake mkubwa, yule aliyekuwa anamtishia kila mgeni.

Walikuja na magari yenye vioo vya giza. Mdogo wangu akashuka, akapiga goti, "Shikamoo mama," na mama akaitikia marahaba huku anamfuta vumbi begani ambalo halikuwepo. Nataka nikumbuke hapo tu. Mpaka hapo alikuwa mtoto wa mtu.

Yule meneja alizunguka nyumba yetu mara moja akaikunjia uso. Bati la bluu, akasema, linang'aa sana. Wakaenda wakaona kwa jirani tembe la zamani, la udongo hadi juu, ambalo jirani mwenyewe alishahama na sasa analaza mbuzi. Wakalipenda hilo. Wakafukuza mbuzi, wakatoa samadi kidogo, siyo yote, na kumkalisha mdogo wangu mlangoni. "Hapa ndipo nilipozaliwa," akasema kwenye kamera. Alizaliwa hospitali ya Kiomboi, na mimi ndiye niliyembeba wakati tunarudi.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko kando ya barabara kuu. Walikuja kwangu wakataka sketi ya shule. Nikawapa, mpya, imepigwa pasi. Mmoja wao akaomba nimchanie kidogo pembeni na pindo lining'inie, wamvalishe mtoto wa jirani aigize mdogo wangu alipokuwa mdogo. Nilimtazama yule kijana. Nikamwambia katika nyumba yetu hakuna mtoto aliyewahi kwenda shule na pindo linaning'inia, na kama anataka kuchana, achane suruali yake. Akadhani natania. Wakaenda kuichana wenyewe kwa wembe.

Lakini hayo yote ni kelele za pembeni. Walilofuata ni kaburi. Nyuma ya nyumba kuna makaburi mawili, la baba lina msalaba wenye jina, la bibi mzaa baba ni kifusi tu kimepangwa mawe. Meneja akachagua la bibi. Hapo ndipo mama alipoelewa wamekuja kufanya nini. Nilimwona anavyoelewa. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kile kitenge chake, mikono amefumbata mbele kama mtu anayengoja kuitwa jina, na mikono ikashuka yenyewe.

Mdogo wangu alipiga magoti kwenye mawe ya bibi, akaweka maua waliyokuja nayo kutoka mjini, ya plastiki. Akasema, "Mama, nimerudi." Akalia. Na alilia vizuri, siwezi kusema uongo, machozi ya kweli yalimtoka, na sijui hata leo yalitoka wapi. Mama alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akaondoka kwenye kona, akapita katikati yao, kati ya kamera na kaburi, polepole, anaelekea jikoni. Wakampigia kelele mpiga picha akate. Meneja akamkimbilia, akamwambia kwa adabu nyingi kwamba tunaomba mama apitie upande wa pili kwa sababu anaingia kwenye picha. Mama akamjibu neno moja la Kinyiramba. Yeye hakulielewa, na mimi siliandiki.

Baadaye mdogo wangu alimfuata jikoni. Nilikuwepo, napakua. Akasema mama nivumilie, ni kazi, kule mjini nikikanusha sasa wataniita mwongo na yote yatakwisha. Mama akamwuliza, kwa hiyo nitakuwa hai lini? Mama akamkabidhi sinia la ugali akawapelekee wageni wake. Wakala jogoo wa marehemu, wakasifu sana, wakasema kuku wa Singida hana mpinzani, wakaondoka.

Picha ilipoonyeshwa, nchi nzima ililowa machozi. Nawalaumu na nyinyi, ndiyo, nyinyi mliokaa sebuleni na leso. Meneja alichemsha sumu, lakini nani alikuwa amekaa mezani na sahani mkononi? Mngempenda mdogo wangu bila maiti? Mtangazaji yule aliyemhoji redioni, mwenye sauti nzito na anayejiita rafiki wa wanyonge, alishafika hapa, alikunywa maji yetu, alimwona mama kwa macho, na wiki ileile akamwambia mdogo wangu hewani kwamba mama huko aliko anajivunia. Huko aliko! Mama huko aliko alikuwa anakamua alizeti. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Wahenga hawakuwa na televisheni.

Mama aliacha kusikiliza redio. Betri zikavuja mle ndani, hakuna aliyezitoa.

Ikapita mwaka na zaidi. Ndipo akaja mshenga. Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa na mtu wa familia kubwa, na harusi ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga. Lakini wazee wa upande wa mwanamume walikuwa watu wa mila, na mtoto wao alikuwa amewanong'oneza ukweli. Wazee wakasema hawaoi binti ambaye mama yake hajapokea mkaja wake, yaani ile heshima anayopewa mama mzazi kwa tumbo lililobeba na mgongo uliouma. Kwa hiyo mshenga alikuja na blanketi na doti ya khanga, vimefungwa vizuri, na amefuatana na mdogo wangu. Safari hii hakukuwa na kamera wala vioo vya giza. Walikodi gari la kawaida na mdogo wangu amejifunika mtandio mpaka puani.

Mshenga alikuwa mzee wa heshima, namwonea huruma mpaka leo. Akamwamkia mama kwa adabu ingawa umri wao unalingana, akasema ametumwa, akaweka kile kifurushi juu ya mkeka. Akaeleza mpango ulivyo: mama apokee hapa, kimyakimya, atoe radhi zake kwa mtoto, na siku yenyewe ukumbini shangazi yetu atakaa kwenye kiti cha mama. Alipofika hapo kwenye kiti, sauti ikampungua. Naona hata yeye alikuwa anaona haya.

Mama hakukigusa kifurushi. Akamwambia mshenga, "Baba, huyu mtoto ni yatima. Nchi nzima imemlilia. Mkaja wa mama yake upelekeni mlikopeleka maua."

Mdogo wangu akaporomoka magotini, mtandio ukamwanguka. Akalia. Nikamwangalia kwa makini nione kama ni kilio kilekile cha kaburini, na Mungu anisamehe, sikuweza kuvitofautisha. Hilo ndilo walilomfanyia, na ndilo alilojifanyia. Wamemchukua mtoto wakamchosha machozi mpaka hata ya kweli hayana tena uso wake. Alishika miguu ya mama, akasema naomba radhi zako mama, siwezi kuolewa bila radhi zako.

Mama akaweka mkono juu ya kichwa chake. Nilidhani amelainika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi mwenyewe nilikuwa tayari kumsamehe hata kabla ya mama. Lakini mama alisema kitu kilekile alichosema kwenye simu siku ya kwanza. "Nenda kaseme palepale uliposema. Ukishasema, rudi, radhi utazikuta. Nitakuwa hapahapa." Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ile. Alikuwa na siku za kusema na redio zote za nchi zilikuwa zinamtafuta. Mshenga akasimama, akabeba kifurushi chake. Alimwambia mama hawezi kumlaumu.

Nilidhani atasema. Nayasema haya pamoja na hasira yangu yote: niliamini. Jumamosi nikamletea mama televisheni ya kibandani kwangu, nikaifunga sebuleni, na mama akavaa kile kitenge. Majirani wachache wakaja wakakaa. Ukumbi ulikuwa umejaa maua na taa, mdogo wangu amependeza mpaka jirani mmoja akapiga kigelegele kidogo halafu akajizuia. Kwenye viti vya mbele sikuona mzee hata mmoja; wale wa mila hawakuja. Kwenye kiti cha mama alikaa mwanamke nisiyemjua kabisa, amevikwa mavazi ya heshima. Hata shangazi hakutosha kwenye picha.

Mshereheshaji, na alikuwa yuleyule mtangazaji wa sauti nzito, akachukua kipaza sauti. Akasema kuna mtu mmoja anakosekana leo. Akasema tusimame dakika moja tumkumbuke mama mzazi wa bibi harusi. Ukumbi mzima ukasimama. Kamera ikasogea usoni kwa mdogo wangu, karibu, karibu zaidi. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake. Nchi nzima ilikuwa imenyamaza inamngoja yeye, ukimya ambao hakuna redio ingeweza kumpa. Mama alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, midomo inamcheza, kama alivyokuwa akimfundisha zamani mahali pa kuvuta pumzi.

Mdogo wangu akainamisha kichwa, kama wengine wote.

Dakika ikaisha, muziki ukarudi. Mama akaniomba simu. Alitaka nimpigie mdogo wake wa Nduguti, kisha akabadilisha, akasema atapiga mwenyewe. Mama mdogo alipopokea nilimsikia anauliza kuna nini, mbona sauti iko hivyo, nani anaumwa.

"Njoo," mama akamwambia. "Njoo na unga."

Alifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki, mfuko ameupakata. Safari hii hakulia njiani na hakuuliza nani. Mama alikuwa ameshatandika mkeka uani na kuwasha moto wa matanga, nami nilikuwa nimefunga kibanda changu cha cherehani. Mama mdogo akaushusha unga, akavua viatu, akakaa karibu na dada yake. Ndipo mama akaanza kulia.